Viatu Vinavyotazama Nje

Karakana, 4 Februari

Dada,

Watu huanza barua kwa kusema wao ni wazima. Mimi leo siwezi kuanza hivyo kwa sababu sina hakika, na ndiyo maana naandika. Usishtuke. Siumwi popote. Nakula, nalala, nashona viatu.

Nitaeleza kwa mpangilio. Mwezi wa kumi na moja mama mmoja aliniletea viatu vya binti yake wa miaka sita. Soli imelika mbele mpaka imetoboka, kisigino kipya kabisa. Nikamwambia, mtoto wako anatembea kwa ncha za vidole. Akasema ndiyo, na hataki kuguswa kichwa, na kengele ikilia anajificha, na hospitali wamesema ana usonji. Nikamuuliza usonji ni nini. Akanieleza kwa dakika arobaini, amesimama, mimi nimeshika kile kiatu. Dada, alikuwa ananieleza mimi. Viatu vyangu vya utotoni vilikuwa vinaisha vile vile. Mama alikuwa akilalamika kwamba namaliza mbele naacha nyuma.

Nina miaka arobaini na saba. Nimeandikia kliniki inayopima watu wazima, wamenipa tarehe 2 Aprili. Lakini wanataka mtu aliyenijua kabla sijatimiza miaka mitano ajaze fomu ya maswali arobaini na moja. Baba simkumbuki, Mama hayupo. Umebaki wewe. Ulikuwa na miaka kumi na miwili nilipozaliwa, na mgongo wako ulinibeba zaidi kuliko wa Mama. Fomu iko ndani ya bahasha hii.

Utauliza itanisaidia nini sasa. Nitasema mara moja na sitarudia. Mke wangu alipoondoka alisema ameishi miaka kumi na moja na kabati. Hilo liliniuma, likapita. Lakini siku ya msiba wa Mama, watu wakilia ndani, mimi nilikaa mlangoni nikapanga viatu vyao, jozi mia moja na kumi na mbili, kwa ukubwa. Ulinikuta pale. Ulisema, "Huna moyo wewe." Ni miaka sita na miezi mitatu sasa. Sikulaumu. Wewe unanijua kuliko mtu yeyote, kwa hiyo nimekuwa nikifikiri huenda ni kweli. Nataka kujua kama ni kweli. Hilo tu.

Nijibu kwa barua. Simu, unajua mwenyewe.

Mdogo wako,
Fundi


Mapokezi, shuleni, 20 Februari

Mzee wa Vipimo!

Makubwa haya! Barua yako nimeisoma hapa dirishani mpaka mzazi mmoja akagonga kioo kwa funguo akidhani nimelala. Mimi ni mzima wa chuma, usinitie kwenye hesabu zako.

Sasa sikiliza. Wewe huna ugonjwa. Una ukaidi, na huo umerithi upande wa Baba, wote vichwa vigumu, mmoja wao alikaa miaka miwili bila kuongea na jirani kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Kabati! Angejua alikuwa na kabati la mbao gani asingeondoka. Na yale ya msibani tuyaache huko huko msibani. Mtu akifiwa na mama yake husema lolote. Mimi hata sikumbuki.

Fomu nimeiona. Kwa habari ya fomu umefika kwa mwenyewe. Miaka ishirini na sita niko dirisha hili, na hakuna fomu ya mtoto niliyoipitisha kwa mkono wangu ikarudishwa. Mama wa watu anakuja hapa, kalamu mkononi, mtoto anakojoa kitandani, mtoto hasemi, mtoto anang'ata. Namwambia, weka kalamu chini mama, nipe mimi. Yako nitaijaza hivyo hivyo, safi, hakuna kufutafuta, na nitaituma kliniki mwenyewe. Wewe kazi yako ni kupiga misumari.

Vile viatu vyeusi ulivyonitengenezea vimeanza kunipwaya, nikipita ukumbini wanafunzi wanajua ni mimi. Nimepungua kidogo, nimeacha sukari. Na nywele nimenyoa zote, nimechoka kuchana. Binti yangu anasema nafanana na mtoto wa darasa la kwanza. Hana adabu huyu mpwa wako.

Dada yako


Karakana, 3 Machi

Dada,

Asante. Umeandika kwamba wewe ni mzima, nimefurahi. Kuacha sukari ni vizuri kwa meno pia.

Natuma soli za ndani, jozi mbili, ngozi ya milimita tatu. Weka moja kila kiatu. Kikibana, toa.

Sikuulizi umeandika nini kwenye fomu. Mpimaji amesema ni bora nisijue kabla ya siku yenyewe. Sina wasiwasi. Ukiandika wewe ni sawa na kuwa nimeona mwenyewe.

Fundi


Nyumbani, 18 Aprili

Mzee wa Vipimo,

Sasa utanicheka. Zile soli zako nimezitoa, na viatu vyenyewe sasa haviingii! Miguu imeumuka. Nimemwambia mpwa wako anichoree kwenye karatasi, huku na huku, kama ulivyotufundisha, penseli imesimama wima. Amechora yeye kwa sababu kuinama kumekuwa kazi, tumbo limenitangulia. Uzee huo, bwana. Nitengenezee kitu chepesi kisicho na kamba.

Kazini nimechukua likizo kidogo, nilikuwa nadai siku nyingi. Nimekaa tu kama bibi harusi, naletewa kila kitu.

Kulikuwaje kwenye kipimo? Walikufinya?

Dada yako, mzima


Karakana, 30 Aprili

Dada,

Hawakunifinya. Kilikuwa chumba kidogo, viti viwili, taa ya mrija inayolia. Nilimwambia mpimaji taa yake inalia, akasema yeye hasikii chochote, akaizima, tukafungua pazia. Hakuna mtu aliyewahi kunizimia taa. Nilitaka kumshukuru lakini nikamwambia kiatu chake cha kulia kinahitaji kisigino. Alicheka vizuri.

Majibu yatatoka baada ya wiki tatu.

Mchoro nimeupata. Kuna tatizo. Mti wa mguu wako, ule wa kuundia viatu vyako, ninao hapa rafuni, namba 38, niliuchonga mwenyewe. Mchoro huu ni 41, na upana umezidi hiyo 41. Nimepima mara tatu. Mguu wa mtu mzima haukui, Dada. Je, karatasi ilisogea?

Fundi


Nyumbani, 6 Mei

Haikusogea, Fundi. Ni uzee na uvivu wa kukaa. Ukifika miaka hamsini na tisa nitakuja kukupima wewe. Shona tu.

Mzima, nakusalimu.

Dada yako


Karakana, 24 Mei

Dada,

Sawa, nitashona 41.

Majibu yametoka. Wameandika "haikuthibitika". Mpimaji alisema siku ile chumbani aliona dalili nyingi, lakini usonji huanza na mtoto, haudondoki juu ya mtu mzima, na habari za utoto zinasema hapana. Nikaomba anisomee.

Swali la tatu, alianza kuongea lini. Umejibu: mapema sana, alikuwa kasuku. Swali la tisa, alichezaje na wenzake. Umejibu: ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Kelele hazikumsumbua. Kuguswa hakukumsumbua. Na mara ishirini na tisa umeandika "Hapana, hana tatizo".

Mimi nakumbuka vingine. Nakumbuka niko chini ya meza na kopo la vifungo. Nakumbuka kila mtu anaongea na mimi sina pa kuingilia. Nakumbuka watoto wananiita Bubu, na wewe unamkimbiza mmoja wao na ndala mkononi mpaka kwao. Lakini mimi nilikuwa mtoto mdogo na wewe ulikuwa mkubwa, kwa hiyo kumbukumbu iliyo sahihi ni yako. Maana yake haya nimejitungia. Tangu Jumatatu najaribu kujikumbuka nikiwa kasuku na siwezi.

Nilidhani kuna jina. Hakuna. Basi kilichobaki ni kile ulichosema pale mlangoni. Angalau sasa najua.

Viatu vyako nitavikata wiki ijayo. Ngozi laini haijafika.

Fundi


Nyumbani, 11 Julai

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa safarini kidogo, mahali hakuna karatasi. Barua yako nilisomewa, na aliyenisomea alisimama katikati akashindwa kuendelea.

Hukujitungia kitu. Sikia vizuri. Hukujitungia hata kidogo. Kopo la vifungo lilikuwepo, la buluu, kifuniko kimebonyea. Ndala ilikuwepo.

Ulipofika miaka sita Mama alikupeleka shule ya kwanza. Mama hakujua kusema uongo, na wewe umemrithi hapo. Dirishani akapewa fomu akaandika yote: haongei na watu, kengele inamtia wazimu, anagonga kichwa ukutani. Walirudisha fomu siku ile ile. Shule ya pili, vivyo hivyo, na yule karani akamwambia mbele ya foleni nzima kwamba hapa si mahali pa watoto wa namna hiyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimekushika mkono. Mama alirudi nyumbani na ile fomu ameikunja ndani ya nguo, kifuani. Alikuwa analia njia nzima, na wewe ulikuwa unahesabu milango.

Shule ya tatu nilimnyang'anya Mama kalamu nikaandika mimi. Aliongea mapema. Anacheza na wenzake. Hana tatizo. Wakakuchukua. Fundi, mimi kazi hii ya dirisha niliitafuta kwa sababu ya lile dirisha. Watoto wangapi nimewapitisha kwa uongo wangu, hawana idadi, na wote walikaa darasani kama wenzao. Ilipokuja fomu yako mkono wangu ulikwenda wenyewe. Niliona dirisha. Niliona wanakurudisha. Sikufikiria kwamba safari hii mlango unafunguliwa kwa ukweli.

Nisamehe. Nitaijaza upya. Mimi mzima, usijali, ila mwandiko umeharibika kidogo kwa uvivu.

Dada yako


Karakana, 20 Julai

Dada,

Nilikaa siku hamsini nikiamini kwamba nimejitungia utoto wangu. Siku hamsini. Nilikuwa naamka natazama mikono yangu nauliza hii nayo ni ya nani.

Ninaelewa kuhusu madirisha. Nimeelewa kila sentensi. Bado nina hasira, na nikiwa na hasira maneno yananiponyoka na natupa vitu. Jana nimevunja mti wa mguu wa mteja, na haukuwa na kosa. Watu wote hunidanganya kwa heshima, "hamna shida," "tutaonana," na mimi huamini kila kitu, kisha nabaki mjinga. Wewe ndiye pekee niliyekuwa nakusoma bila kukagua.

Nataka kukaa kimya mpaka tarehe 1 Oktoba. Tafadhali usiandike, usipige simu, usimtume mtu. Tarehe 1 nitaandika mimi.

Fundi


Karakana, 1 Oktoba

Dada,

Leo ni tarehe moja.

Hasira iliisha tarehe 14 Agosti, saa za mchana, nikiwa napaka gundi. Iliondoka tu. Lakini nilikuwa nimesema tarehe moja, kwa hiyo nilisubiri. Nimekuwa na mengi ya kukuambia na nimeyaandika kwenye karatasi za kufungia, ziko kumi na tatu, nitakuletea.

Kwanza, nimekusamehe. Nimejaribu kuwaza ningefanya nini mimi dirishani nikiwa na miaka kumi na minane, na nimeona ningesimama tu. Wewe ulinyang'anya kalamu. Nimesoma kwa sababu ya ile kalamu.

Pili, mpimaji hajafunga faili langu. Amesema fomu mpya ikija kabla ya mwisho wa mwaka atalitazama tena. Safari hii andika kama ilivyokuwa, hata pale panapotia aibu. Aibu mimi sioni sana, unajua.

Tatu, nataka nije kukuchukua. Ndiyo, kwa basi. Siku moja na nusu, kelele na harufu na watu wanaoniuliza nakwenda wapi. Nimenunua pamba za masikio. Nataka ukae kwenye kile chumba nitakapopewa jibu, kwa sababu nikipewa sitajua uso wangu ufanye nini, na wewe ulikuwa ukinionyesha.

Viatu viko tayari. Namba 41, ngozi ya mbuzi, havina kamba, ndani nimetandika mara mbili. Nimevivaa mikononi kupima, ni laini sana. Jibu haraka.

Fundi


Nyumbani, 9 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku tatu. Nitaandika waziwazi, kwa sababu Mama aliniagiza hivyo: huyo usimzungushe, mwambie neno lenyewe.

Mama amefariki. Ni tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi, hospitalini, mimi nikiwepo. Ilikuwa saratani ya ini. Tulijua tangu Januari. Nywele zilitoka kwa dawa. Miguu ilivimba kwa ugonjwa. Ile safari ya Juni ilikuwa wodini, wiki tano.

Nilitaka kukupigia tangu Agosti. Siku moja nilishika simu kabisa, akaniambia niweke chini. Alisema, "Amesema tarehe moja. Mjomba wako akisema tarehe moja ni tarehe moja. Nimeshamvunjia neno moja, la pili silivunji." Nikamwambia Mama, hutafika. Akasema, "Nitajitahidi." Alijitahidi, Mjomba. Kila asubuhi aliuliza leo tarehe ngapi.

Tulizika bila wewe. Watu wamesema yao, eti hata dada yake hakuja kumzika, na mimi nimewajibu yangu, usiwaze. Mlangoni viatu vilirundikwa hovyo, bibi mmoja aliondoka na kiatu cha mtu, wengine wakatafuta mpaka wakachoka. Nilisimama pale nikakukumbuka.

Naweka humu fomu yake na barua aliyoniambia nikupe baada ya wewe kuandika, si kabla. Sijui kama nilifanya vizuri kumtii. Naomba usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini niandikie.

Mjomba, umelia? Mimi nalia mpaka nasikia aibu, nataka kujua kama niko peke yangu.

Mpwa wako


[ndani ya bahasha hiyo hiyo]

Wodini, 2 Septemba

Mdogo wangu,

Natamka, mpwa wako anaandika, na akiongeza lake nitamfinya.

Ukisoma hii utakuwa umejua. Najua utakwenda kuzitoa barua zangu zote na kuzipima. Usifanye hivyo. Kosa ni langu. Nilikuandikia "mzima" kwa sababu nilijua ukisoma "mzima" utapumzika, hakuna mtu mwingine duniani ninayeweza kumpumzisha kwa neno moja. Nilitaka ufanye kipimo chako bila kubeba wangu. Basi nimekudanganya mara mbili kwa mkono mmoja, dada gani huyu.

Fomu nimeijaza. Imenichukua siku nne, tumecheka, tumelia. Naomba uisome kabla ya kuipeleka, mpimaji aseme asemavyo.

Swali la tatu, alianza kuongea lini. Akiwa na miaka mitano na nusu. Nilikuwa nachelewa shule, nimevaa viatu gizani, kimoja mguu usio wake. Akatoka chini ya meza akasema, "Kushoto." Ndilo neno lake la kwanza. Nilichelewa shule siku hiyo kwa kulia.

Swali la tisa, alichezaje na wenzake. Hakucheza nao. Aliwatazama. Jioni alipanga ndala zao walizoacha nje, na asubuhi walimwita Bubu huku wamezivaa.

Swali la arobaini na moja, je, alionyesha upendo, na kwa namna gani. Ndiyo. Tangu akiwa na miaka mitatu, kila asubuhi, kabla sijaamka, aliviweka viatu vyangu mlangoni vikitazama nje, ili nikitoka nisigeuke, niingize miguu tu niende. Hakufundishwa na mtu. Alifanya hivyo mpaka siku nilipoolewa. Hata siku hiyo.

Yale niliyosema pale mlangoni kwenye msiba wa Mama nayakumbuka mpaka leo, niliposema sikumbuki nilikudanganya. Jioni yake watu walianza kutoka. Kila mtu aliona viatu vyake papo hapo, vyote vinatazama nje. Hakuna aliyeinama kutafuta. Wazee waliingiza miguu wakaenda. Nikaelewa pale pale nilichokuwa nimekutendea, na wewe ulikuwa umeshaondoka. Miaka sita nimekuwa na neno la kukuambia, na kila barua niliandika utani.

Una moyo, Fundi. Uko miguuni pa watu.

Dada yako, ambaye anaumwa sana


Karakana, 3 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Sina hasira na wewe. Ulifanya kama ulivyoambiwa, na mimi nisingekusamehe kama ungefanya vingine, kwa sababu ndivyo nilivyoomba. Hilo ndilo siwezi kulimaliza. Ningeandika tarehe 14 Agosti ningefika. Nilikuwa na siku ishirini na tisa. Sikuwa na shughuli yoyote.

Mama yako sikumtii. Nimezitoa barua zote. Viatu vinapwaya, nywele zimenyolewa, kuinama ni kazi, tumbo, mguu 41. Mimi mwenyewe niliandika kwamba mguu wa mtu mzima haukui. Mchoro ulikuwa mezani kwangu kuanzia Aprili mpaka Septemba. Kazi yangu ni miguu.

Fomu niliipeleka tarehe 20 Oktoba. Jana mpimaji aliniita. Taa ilikuwa imezimwa kabla sijaingia. Alisema ndiyo, ni usonji, tangu utotoni, hana shaka yoyote, na kwamba hajawahi kupata fomu iliyojazwa namna ile. Kiti cha pili kilikuwa wazi. Sikujua uso wangu ufanye nini, nikatazama kile kiti.

Naja tarehe 15, kwa basi. Usije kituoni kunipokea, nitafika mwenyewe. Na nina ombi moja. Ukiumwa, andika "naumwa". Ukitaka nije, andika "njoo". Nitakuja siku hiyo hiyo, hata kama nimesema tarehe nyingine.

Umeuliza kama nimelia. Bado. Sijui kama itakuja. Vile viatu vya 41 sikuviweka rafuni. Kila asubuhi, kabla sijafungua karakana, naviweka mlangoni vikitazama nje, na nikifunga jioni naviingiza ndani.

Mjomba wako,
Fundi